Mabomba ya Cape Cod: kiyeyushi katika maji ya kunywa na ubongo wa mtoto anayekua

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, kampuni ya Johns-Manville ya Marekani iliuza katika majimbo ya New England, kaskazini-mashariki mwa nchi hiyo, aina mpya ya bomba la maji, lililotengenezwa kwa saruji iliyochanganywa na asbesto na kupakwa utando mwembamba wa vinili upande wa ndani. Utando huo ulikuwa na kazi inayoeleweka: maji ya eneo hilo ni laini na yana uchachu kidogo, kwa hiyo hula saruji, na wateja walikuwa wakilalamikia ladha na harufu. Ili vinili ipakike vizuri ndani ya bomba, iliyeyushwa kwanza kwa tetrakloroethilini, kimiminika kisicho na rangi ambacho madobi wa suti hukitumia kusafisha nguo bila maji, na mafundi wa viwandani hukitumia kuondoa grisi kwenye vyuma. Kwa kuwa kimiminika hicho hugeuka mvuke upesi, watengenezaji walichukulia kwamba kingekuwa kimetoka chote kabla bomba halijafukiwa ardhini. Hakikutoka. Kiasi kikubwa kilibaki kimenaswa ndani ya utando, kikawa kinachuruzika polepole kuingia katika maji ya kunywa kwa zaidi ya miaka 10, hadi maofisa wa serikali walipokigundua mwaka 1980.

Rasi ya Cape Cod, iliyo kusini-mashariki mwa jimbo la Massachusetts, ilikuwa na mabomba mengi ya aina hiyo. Miji yake kadhaa, miongoni mwake Barnstable, Falmouth, Sandwich na Provincetown, iliyatumia ama kubadilisha mabomba yaliyochakaa ama kufikisha maji katika mitaa mipya iliyokuwa ikijengwa. Sampuli zilizochukuliwa baada ya ugunduzi zilionyesha tofauti kubwa mno kati ya mahali na mahali. Kwenye njia kuu, ambako maji hutembea mchana na usiku, zilipatikana mikrogramu 1.5 hadi 80 za kiyeyushi katika kila lita. Kwenye mitaa isiyotokea upande wa pili, yenye nyumba chache na matumizi madogo, zilipatikana mikrogramu 1,600 hadi 7,750. Sheria ya shirikisho ya maji ya kunywa nchini humo leo hairuhusu zaidi ya mikrogramu 5 kwa lita, maana yake ni kwamba sampuli mbaya kuliko zote ilizidi kiwango hicho zaidi ya mara 1,500.

Mabomba hayakung'olewa yote, kwa sababu gharama yake ilionekana kuwa kubwa kupita kiasi. Serikali ya jimbo iliamua kuyasafisha kwa maji yenyewe: yalifunguliwa yamwagike kwa nguvu, na mwishoni mwa njia zisizotokea yakaachwa yatiririke muda wote, ili kiyeyushi kisipate nafasi ya kujikusanya. Lengo lilikuwa kushuka chini ya mikrogramu 40 kwa lita, kiwango kilichopendekezwa wakati huo. Hatua hiyo ilipunguza sumu kwa kweli, na sioni haki ya kuwalaumu wahandisi waliofanya kile walichoweza kwa fedha waliyokuwa nayo. Jambo la kuuliza ni lingine. Kati ya mwaka 1968 na 1980 wanawake wa Cape Cod walibeba mimba, wakajifungua, wakachanganya maziwa ya unga kwa maji ya bomba na kuogesha watoto wao kwa maji hayohayo. Watoto hao walikuja kuwa watu wa namna gani?

Swali hilo lilishikwa na kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston likiongozwa na Ann Aschengrau, mtaalamu wa epidemiolojia, yaani elimu ya jinsi magonjwa yanavyoenea katika jamii, pamoja na Patricia Janulewicz na wenzao. Kabla ya kusema walichokiona, inafaa kueleza kwa nini kisa hiki kina uzito ambao visa vingi vya sumu ya mazingira havina.

Katika utafiti wa aina hii, adui mkubwa ni mchanganyiko wa sababu. Mtoto anayeishi karibu na kiwanda mara nyingi huishi pia katika nyumba duni, husoma katika shule duni, na wazazi wake hufanya kazi ngumu. Akishindwa masomo, nani atasema ni moshi wa kiwanda na si umaskini? Cape Cod ilikuwa na hali tofauti kabisa. Sumu ilifuata ramani ya mabomba, na mkazi hakuijua ramani hiyo. Chukua barabara moja inayoanzia kwenye njia kuu na kuishia msituni. Familia ya kwanza, iliyo kwenye makutano, inapata maji yaliyopita mbio ndani ya bomba pana na kukaa humo muda mfupi. Familia ya mwisho inapata maji yaliyolala usiku kucha ndani ya bomba jembamba, refu na jipya, tena katika rasi ambayo nyumba zake nyingi hufungwa majira ya baridi wageni wakiondoka, hivyo hakuna jirani wa kuyasukuma maji hayo yatembee. Familia hizo mbili zinaweza kuwa na kipato kimoja, kanisa moja na shule moja, na bado mtoto wa nyumba ya mwisho akapokea kiyeyushi mara mamia kuliko wa nyumba ya kwanza. Wala wazazi hawakuwa na cha kuchagua, kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba kulikuwa na kitu cha kukwepa.

Watafiti walianza na vyeti vya kuzaliwa vya watoto waliozaliwa kati ya mwaka 1969 na 1983, wakalinganisha anwani za mama zao na kumbukumbu za kampuni za maji zinazoonyesha mahali mabomba yalipolazwa na mwaka yalipolazwa. Kisha walikadiria ni gramu ngapi za kiyeyushi zilizofika katika kila nyumba, kwa kutumia hesabu zinazozingatia urefu, upana na umri wa bomba, pamoja na programu ya kompyuta iitwayo EPANET inayofuatilia jinsi maji yanavyopita katika mtandao mzima wa mabomba. Kati ya mwaka 2006 na 2008 watoto hao, ambao sasa walikuwa watu wazima wa miaka karibu 30, walijaza madodoso kuhusu elimu, afya, tabia na kazi zao. Uchambuzi mkuu uliwahusu watu 831 waliofikiwa na kiyeyushi tangu tumboni na katika miaka ya mwanzo ya maisha, na 547 ambao hawakufikiwa.

Njia ambazo kiyeyushi kinamfikia mtoto ni nyingi kuliko kikombe cha maji. Tetrakloroethilini hutoka katika maji ya moto na kuwa mvuke, hivyo mama anayeoga chumba kikiwa kimefungwa huivuta puani, na ngozi nayo hunyonya kiasi fulani. Ikishaingia katika damu hupenda kukaa kwenye mafuta, na kwa sababu hiyohiyo hupita kirahisi katika kondo la nyuma na kuingia katika maziwa ya mama. Madaktari wa Kanada walieleza mwaka 1977 kisa cha mtoto wa wiki 6 aliyepata manjano. Baba yake alifanya kazi mahali pa kusafishia ngozi na suedi kwa kiyeyushi hiki, na mama alizoea kwenda kumtembelea kazini saa ya chakula cha mchana. Ziara hizo fupi zilitosha kuyatia sumu maziwa yake. Alipoacha kunyonyesha, mtoto alipona. Kisa hicho kinahusu ini, si ubongo, lakini kinaonyesha jinsi umbali kati ya karakana na titi la mama ulivyo mdogo.

Ubongo nao una sababu zake za kuwa hatarini. Ni kiungo chenye mafuta mengi, na nyuzi zake ndefu huzungushiwa ala ya mafuta iitwayo maielini, ambayo hurahisisha mwendo wa taarifa na huendelea kujengwa tangu kabla ya kuzaliwa hadi ujana umalizike. Katika miezi ya mimba seli za neva huzaliwa kwa wingi, husafiri kutoka zilikozaliwa hadi mahali pake, kisha huanza kuungana. Kazi hiyo haina marudio: seli iliyokosa njia katika mwezi wa nne haisubiriwi katika mwezi wa saba. Viyeyushi vya kundi hili huingilia vipokezi vilevile ambavyo seli za neva huvitumia kupashana habari, na ini la kijusi bado halina vimeng'enya vya kutosha vya kuvivunjavunja. Mwaka 1993 watafiti wa Sweden waliwapa panya wachanga tetrakloroethilini kuanzia siku ya 10 hadi ya 16 ya maisha yao, kipindi ambacho ubongo wa panya hukua kwa kasi. Walipopimwa wakiwa na siku 60, yaani wamekwisha kukua, wanyama hao walikuwa na mwendo usio wa kawaida ukilinganisha na wenzao. Sumu ilikuwa imeondoka mwilini zamani.

Sasa tuje kwenye matokeo, na nianze na lile ambalo wasomaji wengi hawatalitarajia.

Uchambuzi wa kwanza, uliochapishwa mwaka 2008, uliuliza maswali ambayo mzazi yeyote angeuliza. Je, watoto hawa walipata zaidi matatizo ya kujifunza? Je, waligunduliwa zaidi kuwa na upungufu wa umakini na wepesi wa kupita kiasi (ADHD)? Je, waliwekwa zaidi katika madarasa ya elimu maalumu, au waliishia ngazi ya chini ya elimu? Jibu lilikuwa hapana. Hakuna tofauti ya maana iliyoonekana kati ya waliofikiwa na wasiofikiwa. Kama utafiti ungeishia hapo, na tafiti nyingi huishia hapo kwa sababu fedha zimekwisha, faili lingefungwa na watu wangeambiwa kwamba maji yale hayakumdhuru mtoto yeyote.

Watafiti hawakulifunga. Waliwaita baadhi ya washiriki, kundi dogo la watu wachache tu, wakawapima ana kwa ana kwa vipimo vya uwezo wa ubongo vinavyochukua saa kadhaa. Kwa mara nyingine akili ya jumla, lugha na maarifa ya shule havikuonyesha upungufu. Lakini katika maeneo mengine, yaani kutambua maumbo na nafasi zake, kujifunza na kukumbuka, wepesi wa mikono, umakini na hali ya hisia, waliofikiwa walielekea kufanya vibaya zaidi. Tofauti hizo zilikuwa ndogo na kundi lilikuwa dogo, kwa hiyo kila moja ikisimama peke yake haiwezi kubeba hukumu. Ila zinaelekea upande mmoja.

Kipimo cha macho kilisema kwa sauti iliyo wazi zaidi. Mshiriki hupewa vifuniko vidogo 15 vya rangi, vilivyotawanywa mezani bila mpangilio, na huombwa avipange kimoja baada ya kingine kwa kufuata rangi inayokaribiana zaidi na iliyotangulia, kuanzia kwenye kifuniko kimoja kilichogandishwa mwanzoni mwa trei. Mtu mwenye macho ya kawaida huvipanga bila shida. Kisha huletewa seti ya pili yenye rangi zilizofifishwa, karibu na kijivu, ambapo bluu na zambarau hutofautiana kwa hila tu, na hapo ndipo kasoro iliyojificha hujitokeza. Baada ya rangi huja ubao wenye miduara, kila mduara ukiwa na mistari ya kijivu iliyolalia kushoto, kulia au iliyosimama wima, na mistari hiyo huzidi kufifia kadiri unavyosogea mbele, hadi mahali ambapo mshiriki anaona kijivu kitupu. Waliofikiwa na kiyeyushi utotoni walichanganya rangi zaidi, na mistari iliwapotea mapema zaidi. Hapa hapimwi mtu kama anasoma herufi ndogo ukutani kwa daktari wa macho. Hupimwa uwezo wa kutenganisha kivuli na mwanga hafifu, kama vile kumwona mtembea kwa miguu aliyevaa nguo nyeusi barabarani magharibi inapoingia, na mtu anaweza kuishi na upungufu huo miaka 30 bila kujua kwamba wengine wanaona zaidi yake.

Kuhusu tabia, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalishtua wengi. Watu waliokuwa wamefikiwa na viwango vya juu zaidi vya kiyeyushi walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 50 hadi 60, wa kutumia aina mbili au zaidi za dawa kubwa za kulevya wakiwa vijana au watu wazima. Orodha ilijumuisha kokeini, heroini, dawa za kuona maruweruwe na zile za kwenye kumbi za starehe. Baadhi ya tabia za kuvuta sigara na kunywa pombe ziliongezeka pia katika kundi hilo. Kwa waliofikiwa na kiasi kidogo, ongezeko hilo halikuonekana. Mwaka uliofuata ulitoka uchambuzi wa magonjwa ya akili. Huzuni kubwa ya muda mrefu haikuongezeka. Ugonjwa wa kupanda na kushuka kwa hisia, ambao wengi huujua kwa jina la baipola, ulikadiriwa kuwa mara 1.8 kwa waliofikiwa, na mara 2.7 kwa wale wa kiwango cha juu kabisa. Matatizo ya akili yanayofuata kiwewe yalikadiriwa mara 1.5. Kwa skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu aone au asikie yasiyokuwepo, makadirio yalikuwa mara 2.1, lakini yalitegemea watu 3 tu miongoni mwa waliofikiwa, na mpaka wa shaka, yaani eneo ambalo ukweli ungeweza kuwamo, ulianzia mara 0.2 ukafika mara 20. Namba ya namna hiyo haimwambii msomaji chochote ikiwa peke yake, na mwandishi anayeinukuu bila mpaka wake anawapotosha watu.

Picha za ubongo kwa mashine ya sumaku hazikuonyesha tofauti ya wazi. Walipigwa picha watu 26 waliofikiwa na 16 wasiofikiwa, na ujazo wa sehemu nyeupe na sehemu ya kijivu ulikaribiana. Wapo watakaolichukua hilo kuwa ushahidi kwamba hakuna madhara. Mimi siafiki. Mashine inapima umbo, na idadi ya watu 42 ni ndogo mno kwa tofauti za hila. Seli zinaweza kuwepo zote, kwa ujazo uleule, na bado mawasiliano kati yake yakawa yamepangwa vibaya tangu mwanzo.

Nimelisoma jalada hili mara nyingi, na hukumu yangu ni kwamba fundisho lake kubwa limo katika mpangilio wa matokeo kuliko katika namba yoyote moja. Mahali tulipozoea kutafuta madhara, yaani akili ya jumla na vyeti vya shule, hapakuwa na kitu. Madhara yalijitokeza katika rangi zilizofifia, katika mwelekeo wa kutafuta hatari, katika hisia zisizotulia, tena mengi yalijitokeza baada ya utoto kumalizika, wakati hakuna daktari wa watoto tena wa kuuliza. Sumu ya madini ya risasi imetufundisha kwa miongo mingi kuuliza habari za akili ya mtoto, na kwa risasi swali hilo ni sahihi. Kiyeyushi hakifuati njia ya risasi, na aliyebeba swali la risasi kwenda Cape Cod angerudi mikono mitupu akiwa mwaminifu kabisa katika kazi yake.

Shaka zipo, na haifai kuzificha. Matumizi ya dawa za kulevya na magonjwa ya akili yaliripotiwa na washiriki wenyewe kwenye dodoso. Hakuna aliyekwenda kuchukua faili za hospitali za watu wote. Hata hivyo mtu anayesahau au kuficha historia yake hafanyi hivyo kwa kufuata upana wa bomba lililokuwa mbele ya nyumba ya mama yake, kwa hiyo kosa hilo lingeelekea kuficha tofauti kuliko kuitengeneza. Shaka ya pili ni nzito zaidi: kiasi cha sumu kilikadiriwa kwa hesabu, hakikupimwa katika damu ya mtu yeyote, kwa sababu wakati wa kupima ulikuwa umepita. Mtoto aliyehesabiwa kuwa amefikiwa sana huenda alilelewa na bibi yake mtaa mwingine mchana kutwa. Tatu, wengi waliotafutwa hawakupatikana au hawakujibu, na waliopotea mara nyingi huwa ndio waliotatizika zaidi maishani. Watafiti walizingatia sigara na pombe ya mama wakati wa mimba, umri na elimu yake, na kazi zinazohusiana na viyeyushi, na bado matokeo ya kiwango cha juu yalibaki. Kwangu mimi, hali ya kwamba hatari ilipanda pamoja na kiasi kwa baipola, na ya kwamba dawa za kulevya ziliongezeka tu kwa waliofikiwa sana, ina nguvu kuliko ukubwa wa namba zenyewe.

Kinachonifanya niamini kwamba Cape Cod haikuwa bahati mbaya ya takwimu ni visa vya pembeni, ambavyo vilifanywa na watu wengine kwa njia nyingine. Huko Jerusalem, kundi la watoto zaidi ya 88,000 waliozaliwa kati ya mwaka 1964 na 1976 lilifuatiliwa hadi utu uzima. Watoto 144 miongoni mwao walikuwa na mzazi dobi wa nguo za kusafishwa kwa kiyeyushi, na hatari yao ya skizofrenia ilikadiriwa kuwa mara 3.4 ya wenzao. Wagonjwa walikuwa 4 tu, kwa hiyo tahadhari niliyoitoa juu inahusika hapa pia. Lakini sasa tuna mahali pawili, njia mbili za sumu kuingia mwilini, na mshale mmoja. New York, watu walioishi katika majengo yenye dobi wa aina hiyo ghorofa ya chini walionyesha upungufu uleule wa kutofautisha mistari hafifu. Toronto, mtafiti Christine Till na wenzake waliwapima watoto ambao mama zao walifanya kazi na viyeyushi wakati wa mimba, wakakuta makosa mengi zaidi ya rangi kuliko kwa watoto wa kundi linganishi. Macho yanarudi katika kila kisa. Retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ni sehemu ya ubongo iliyojitokeza nje ya fuvu, na inaelekea ndiyo inayotoa taarifa mapema.

Mwaka 2006 watafiti wa afya ya mazingira Philippe Grandjean na Philip Landrigan walipochapisha orodha ya kemikali za viwandani ambazo zimethibitika kudhuru ubongo unaokua, kiyeyushi kimoja tu kilikuwemo, nacho ni tolueni, pamoja na risasi, zebaki ya methili, aseniki na bifenili zenye klorini. Walipoirudia orodha mwaka 2014 waliongeza sita, tetrakloroethilini ikiwa mojawapo, na ushahidi wa Cape Cod ulichangia uamuzi huo.

Tolueni haihitaji kutambulishwa kwa msomaji wa Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam, hata kama jina lake la kitaalamu ni geni. Imo katika gundi ya mafundi viatu na katika thina ya wapaka rangi, na ndiyo ambayo watoto wa mitaani huivuta kwenye chupa za plastiki. Msichana anayevuta gundi akiwa mjamzito anaweza kumzaa mtoto mwenye kichwa kidogo, uso wenye dalili zinazofanana na za mtoto aliyeathiriwa na pombe, na ucheleweshaji wa kukua. Hali hiyo imeelezwa na madaktari tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Kiasi anachokivuta ni kikubwa kuliko cha mtu aliyekunywa maji ya Cape Cod, na madhara yake huonekana kwa macho. Lakini kati ya msichana huyo na mtu asiyegusa kiyeyushi kabisa wapo mama wengi walio katikati: anayeshona viatu chumba kimoja na mumewe, anayeuza rangi dukani kutwa, anayefua suti kwa kiyeyushi katika kibanda kisicho na dirisha. Watoto wao hawana kichwa kidogo. Watafaulu mtihani wa darasa la saba kama wenzao, na kwa kipimo cha shule watahesabiwa kuwa wazima.

Mtafiti atakayetaka kuwaangalia watoto hao asianze na matokeo ya mitihani. Aanze na vifuniko 15 vya rangi na ubao wa mistari ya kijivu, ambavyo havihitaji mashine ya sumaku wala lugha ya kigeni, na vinaweza kubebwa kwenye begi hadi zahanati yoyote. Aulize katika kliniki ya wajawazito mama anafanya kazi gani, mume anafanya kazi gani, kazi hiyo inafanyiwa chumba kipi, na nguo za kazini zinafuliwa na nani. Kisha arudi kwao wakiwa na miaka 18, na tena wakiwa na miaka 30, kwa sababu Cape Cod mambo mazito yalijulikana wakati huo.

Huko Marekani kwenyewe, mwezi Desemba 2024, Shirika la Ulinzi wa Mazingira lilitoa kanuni ya kupiga marufuku matumizi mengi ya tetrakloroethilini na kuwapa madobi miaka 10 ya kuiacha. Wale waliozaliwa Cape Cod mwaka 1969 walikuwa wametimiza miaka 55.